Sebene Iwe Ndefu: Namna ya Kuzunguka na Bendi Ndogo Inayosimama na Wajane

Kila nikishuka jukwaani Arusha, hasa kwenye zile shoo za Ijumaa hotelini, hakosekani kijana wa kunifuata wakati nakunja kebo. Swali lao ni moja: dada, mnaishije kwa muziki, halafu bado mnapanda vijijini kuimba bure habari za ardhi za wajane? Mara ya mwisho aliniuliza binti wa Ngaramtoni, gitaa la kuazima mgongoni. Dereva alikuwa anapiga honi, nikamjibu maneno matatu na kupanda gari. Nilijilaumu mpaka Moshi. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, na ninawaambia pamoja naye wadogo zangu wengine mnaotaka kufanya kazi hii.

Mimi napiga besi na kuimba. Nyumbani ni Kibosho, mazoezi tunafanyia Majengo, Moshi. Tuko sita: mzee wetu wa ngoma ni Mpare wa Same, mwimbaji mmoja ni Mmasai wa Monduli, waliobaki ni wa Arusha mjini na Marangu. Wikiendi tunapiga harusi na hoteli. Katikati ya wiki, tukijaliwa, tunapanda mlimani.

Anza na mtu atakayebaki

Wengi huanza na wimbo, au na gari. Sisi pia tulianza hivyo, na kosa letu likalipwa na mtu mwingine.

Mwaka wetu wa kwanza tulipanda kijiji kimoja upande wa Rombo. Tuliimba wimbo wa mjane aliyeambiwa aondoke kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, siku ile ile ya kuanua matanga. Tulipomaliza, mama mmoja alikuja mbele, akashika maiki, akamtaja shemeji yake kwa jina mbele ya watu kama mia mbili. Vigelegele vikapigwa. Mimi nililia. Jioni tukapakia vyombo tukateremka, tukiamini tumefanya kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kufanya. Usiku ule ule migomba yake ilifyekwa. Yeye hakujua aende wapi, na majirani waliompigia vigelegele mchana walifunga milango yao. Sisi habari tulizipata baada ya wiki mbili, tukiwa Arusha tunajaribu spika za hoteli.

Tulirudi na jani la sale, kama mila inavyotaka kwa mtu aliyekosa. Alilipokea. Lakini alituambia kwamba tulimfungua mdomo kisha tukaondoka na maiki. Sentensi hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu katika namna tunavyofanya kazi, tangu barua za vibali mpaka urefu wa sebene, ile sehemu ya wimbo ya gitaa na kucheza tu.

Kwa hiyo kabla hujatunga mstari hata mmoja, tafuta mtu ambaye kesho yake asubuhi atakuwepo pale pale kijijini au kata ya jirani, na anajua njia. Mtu huyo mara nyingi ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na wengi wao ni watu wa kawaida waliopata mafunzo: mwalimu mstaafu, mama wa kikoba, katibu wa kanisa. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata, yeye atawajua. Ukiwa Moshi, watu wa shirika la KWIECO wameshughulikia haki za wanawake kwa miaka mingi, nenda kaongee nao kwanza. Kaa na msaidizi huyo nusu siku. Muulize kesi gani zinakuja kwake, zinakwama wapi, na nani kijijini humo anaogopwa. Hayo ndiyo yatakuwa maneno ya wimbo wako.

Usipompata, piga nyimbo za mapenzi, wacheze, mrudi nyumbani. Hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kuamsha jambo lisilo na wa kulishika.

Yule mama, kwa wanaotaka kujua, yuko kwake mpaka leo. Ilichukua mwaka na miezi. Aliyemsaidia ni msaidizi wa kisheria wa kata ya pili, ambaye angeweza kuwa amekaa karibu nasi siku ile ile kama tungemtafuta.

Imba karatasi

Nyimbo nyingi za haki husema mwanamke ana haki, kisha zinarudi kwenye kiitikio. Mzee aliyekaa kwenye benchi la mbele anauliza, haki ya wapi? Na wewe jukwaani huna jibu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipoimba ya mahakamani na mitaani kwa Kiswahili cha watu wa kawaida, na sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri kule Bombay kuanzia mwaka 1928, watu walisikia jambo lililotokea, kwa nani, na likaishaje. Jifunzeni hapo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali haina nguvu. Ni kifungu cha 20. Kitaje kwa namba, wazee wanaheshimu namba. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Waulize wananchi kwa sauti, baraza lenu linao hao watatu? Nimeona mahali ambapo swali hilo tu lilizua mazungumzo marefu kuliko onesho letu lote.

Kisha njoo kwenye karatasi zenyewe. Mjane wa huku kwetu mara nyingi hapotezi kihamba kwa sababu sheria iko dhidi yake. Anakipoteza kwa sababu mirathi haikufunguliwa, na haikufunguliwa kwa sababu cheti cha kifo hakikuchukuliwa, au kikao cha ukoo kilikaa bila yeye na muhtasari ukaandikwa bila jina lake. Mirathi ya kimila inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na anayetakiwa kuteuliwa ni msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi wa kila kitu, ni mtu wa kukusanya na kugawa. Maneno hayo mawili watu huyachanganya, na shemeji wengi wamejenga nyumba juu ya mchanganyiko huo.

Sisi kiitikio chetu kinachopendwa kuliko vyote hakina hata neno moja la kilio: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao, jina langu limo. Basi. Kinaimbika kwa kupokezana, na watoto wanakishika mara ya pili tu. Nimewahi kusikia wasichana wakikiimba njiani wanakwenda kuchota maji, Useri, miezi mitatu baada ya sisi kuondoka. Mtoto akiimba hivyo nyumbani, mama atasikia hata kama siku ya onesho alikatazwa kuja.

Lugha ya mlima huu

Usidhani ukijua Kichagga umewajua Wachagga wote. Mimi wa Kibosho nikiimba kwetu, mtu wa Rombo ananitazama tu. Kimachame, Kivunjo na Kirombo vinaachana sana. Ubeti uwe Kiswahili, ambacho kila mtu anakijua, lakini ule mstari mmoja unaouma uwe katika lugha ya pale pale. Mfundishwe na mama wa kijiji hicho, asubuhi ya onesho, na mkubali akiwasahihisha mbele za watu. Kosa lenu la matamshi likichekwa na kusahihishwa, mmeshakaribishwa.

Monduli na Longido ni jambo jingine kabisa. Kule muziki ni sauti za watu, kiongozi anaanzisha na wengine wanamjibu kwa koo. Ukianza na gitaa na ngoma umeleta starehe ya mjini. Tunazima kila kitu, kijana wetu wa Monduli anaanza peke yake, na sisi tunaingia baadaye, kidogo. X Plastaz, kundi la hip hop la Arusha, waliwaonyesha watu wa mbali kwamba uimbaji wa Kimasai unaweza kukaa juu ya midundo mingine bila kupoteza heshima yake. Kumbuka pia kwamba huko anayekukaribisha ni laigwanan, kiongozi wa kimila wa Wamasai, na bila neno lake huna hadhira.

Vibali

Hapa nitakwenda haraka. Sajilini bendi Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na nyimbo zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki, maana wimbo unaopendwa vijijini huishia kwenye mikutano ya watu msiowajua. Onaneni na afisa utamaduni wa wilaya. Polisi wapewe taarifa ya maandishi mapema, isipungue saa 48 kabla ya mkusanyiko, na mbaki na nakala yenye mhuri. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti waonwe kwa macho, si kwa simu. Kwenye barua andika jambo lenyewe: onesho la muziki na elimu ya mirathi. Ukiandika burudani tu, mtu akitaka kukuzuia katikati atasema umedanganya, na atakuwa amesema kweli.

Msimu wa uchaguzi sisi hatupandi. Mgombea atakupa gari na mafuta na jukwaa, na tangu siku hiyo mjane wa chama kingine hatakuja kukuona.

Fedha

Swali la binti wa Ngaramtoni lilikuwa hapa, najua. Nitampa hesabu ya kweli ya harusi moja tuliyopiga Arusha kwa shilingi 1,200,000. Gari la Noah, dereva na mafuta 180,000. Kukodi spika kubwa na fundi mitambo 250,000. Chakula cha njiani 40,000. Zikabaki 730,000. Tukatoa 130,000 kwa mfuko wa vijiji, na 600,000 tukagawana sita, laki moja kila mtu, mimi ninayesaini mikataba na dada wa kayamba aliyeingia mwaka jana, sawasawa. Mfuko unatolewa kabla ya mgao. Ukisema tutachangia baadaye, baadaye kuna ada ya shule na kodi ya nyumba, na ni halali kabisa mtu aanze na hayo.

Safari moja ya kijijini hutugharimu kama 260,000: gari, petroli ya jenereta, chakula chetu na cha msaidizi wa kisheria. Yaani harusi mbili zinapandisha bendi mlimani mara moja. Ndiyo maana hatukatai harusi, na ndiyo maana tunapiga nyimbo za harusi kwa moyo wote. Bibi harusi hatupi msaada, ananunua kazi yetu, naye anastahili kazi nzuri.

Chukua nusu ya malipo kabla ya siku, kwa maandishi, hata kama mwenye sherehe ni mjomba wako. Kuna ukumbi mmoja mjini Arusha ulitulaza na deni la shoo tatu kwa sababu tulikuwa tunaaminiana kwa mdomo.

Wafadhili wakija, sikiliza. Tumewahi kusaidiwa vizuri. Lakini usimruhusu mtu aandike ubeti wako, na usikubali mpango wa kuwalipa wananchi posho ili waje. Kijiji kikishalipwa kusikiliza, atakayefuata bila bahasha atahubiria miti.

Kalenda

Machi hadi Mei mvua za masika zinafanya barabara za juu kuwa utelezi mtupu, na hoteli hazina wageni. Tumia miezi hiyo kutunga na kufanya mazoezi. Juni hadi Septemba kuna fedha za watalii wikiendi na barabara ni kavu, ila jioni ni baridi kali. Nyuzi zinabadilika sauti kila nyimbo mbili, toa gitaa kwenye mfuko nusu saa mapema lizoee hewa.

Mwezi wenyewe ni Desemba. Wachagga wanarudi nyumbani kuhesabiwa, kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kila mahali, na ukoo mzima unakaa chini ya mgomba mmoja. Hapo ndipo mipaka inapimwa, hapo ndipo mjane anapoambiwa aondoke. Wanamuziki wengi wanabaki mjini Desemba kwa sababu sherehe zinalipa sana. Sisi tumeamua kupiga sherehe mpaka tarehe 20, kisha tunapanda. Tunaacha fedha nyingi, sitawaficha. Lakini wimbo wa mirathi ukiimbwa Februari, anayeamua mambo yuko Kariakoo dukani kwake. Ukiimbwa tarehe 27 Desemba, amekaa benchi la tatu na watoto wake.

Siku yenyewe

Ulizia kwanza akina mama wana nafasi saa ngapi. Huku kwetu ng'ombe wako bandani na majani hukatwa asubuhi na tena jioni, na siku ya soko hakuna mtu nyumbani. Kwa kawaida saa nane mchana hadi saa kumi na nusu ndiyo saa yao. Ukipiga jioni utapata wanaume, na utadhani umefanya shoo kubwa.

Fika mapema, salimia wazee, kula unachopewa. Ukipewa kiburu usiseme umeshiba. Jenereta liweke mbali, mita 30 au zaidi, nyuma ya migomba, kwa ekstensheni ndefu.  Liwashe kwanza likae sawa ndipo uchomeke vyombo. Mixa iwashwe kabla ya amplifaya, na wakati wa kuzima amplifaya itangulie, la sivyo utaua spika zako mwenyewe.

Mpangilio wetu ni huu. Nyimbo tatu za kucheza, zisizo na ujumbe wowote. Kisha wimbo wa karatasi. Kisha kimya, na msaidizi wa kisheria anaongea dakika kumi, si zaidi, na anajibu maswali ya jumla. Hatumpi mtu yeyote maiki aeleze kesi yake. Akija mbele analia, dada wa kayamba anamshika mkono na kwenda naye pembeni, na sisi tunaingiza wimbo mwingine mara moja.

Halafu inakuja sebene.

Baada ya maelezo, msaidizi wa kisheria anakaa kwenye benchi tulilochagua asubuhi. Lisiwe peupe. Liwe njiani kuelekea bomba la maji, au nyuma ya darasa, mahali ambapo mwanamke akipita hakuna atakayeuliza alikuwa anakwenda wapi. Spika zinaelekezwa upande ambao wanaume wamekaa, ili maneno ya benchini yasisikike hatua tano. Na sisi tunapiga. Gitaa la solo linazunguka, ngoma haikati, vijana wanacheza vumbi linatimka, wazee wanaingia na fimbo zao, na kila macho yako uwanjani. Nyuma kule wanawake wanakwenda mmoja mmoja. Sebene yetu ndefu kuliko zote ilikwenda dakika 35, Mwika, na mpiga solo alitoka vidole vimevimba. Benchini walipita wanawake tisa.

Msaidizi ana kitenge. Kikiwa mapajani, kuna mtu bado anaongea, endelea. Akikiweka begani, amemaliza. Mimi ndiye ninayemtazama, kwa sababu besi inaweza kupigwa huku umegeuza shingo. Mfundishe mpiga solo wako kwamba sebene hii haiko pale kwa ajili ya sifa zake. Akichoka arudie alichopiga mwanzo, hakuna atakayemdai. Asisimame tu.

Mkiwa njiani

Wanawake wa bendi walale chumba kimoja, na mkataba wa hoteli useme hivyo. Hakuna anayemfuata mwenye ukumbi ofisini peke yake kudai fedha usiku. Tunakwenda wawili, mimi na mzee wa ngoma. Dereva asiendeshe kutoka Karatu au Tarakea baada ya saa nne usiku, hata kama kesho kuna shoo. Pombe ya ukarimu, mbege ama nyingine, ionje mtu mmoja kwa niaba ya wote, na asiwe dereva.

Picha: piga jukwaa, piga vijana wanaocheza. Benchi halipigwi picha, wala mtu aliyelia. Tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata isingekuwepo, sura ya mjane kwenye simu ya shemeji yake ni migomba iliyofyekwa kwa mara ya pili. Mfadhili akiomba picha hizo, mpelekee ya jenereta.

Nunueni daftari gumu, ukurasa mmoja kwa kijiji. Tarehe, jina la mwenyekiti, namba ya msaidizi wa kisheria, wanawake wangapi walipita benchini. Majina yao hayaandikwi humo, hayo yanabaki kwa msaidizi. Siku ya tatu baada ya onesho tunapiga simu, na siku ya thelathini tunapiga tena. Ya siku ya tatu ni yangu, kwa msaidizi, kuuliza kama kuna aliyetishwa usiku ule, na kama yupo, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijue siku hiyo hiyo. Ya siku ya thelathini anapiga mzee wa ngoma, kwa mwenyekiti moja kwa moja, kwa sababu mwanamume mwenzake wa umri ule humwambia kwa uwazi nani amekasirika na nani amefungua mirathi. Akimaliza anaandika, ananipa daftari, na hapo ndipo tunajua kama kijiji hicho tutarudi Desemba au tutarudi wiki ijayo.